Uso, Jicho na Ubongo wa Mtu Mzima Mwenye Usonji

Chanzo cha mkanganyiko

Katika mazungumzo ya watu kuhusu usonji, yaani ile hali ya ukuaji wa ubongo ambayo hudumu maisha yote na kuathiri mawasiliano, mahusiano na namna hisi zinavyoupokea ulimwengu, husikika kauli tatu ambazo haziwezi kuwa kweli zote kwa kiwango kimoja. Ya kwanza husema kwamba mwenye usonji hatambui nyuso, kana kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na kazi hiyo haifanyi kazi. Ya pili husema kwamba anazitambua ila hana haja nazo, kwa kuwa watu hawamvutii. Ya tatu husema kwamba uso, hasa macho, humzidi nguvu hata akalazimika kuuepuka. Kila kauli ina wataalamu wanaoitetea na majaribio yanayoiunga mkono, na kila moja ina matokeo yake nje ya maabara, kwa sababu mwajiri anayeamini ile ya pili atamhesabu mtu huyo kuwa ana kiburi, na ndugu anayeamini ile ya kwanza atakata tamaa naye mapema.

Picha za ubongo zinazochapishwa magazetini, zenye madoa mekundu na ya manjano, zimeongeza mkanganyiko badala ya kuupunguza. Msomaji hudhani kwamba doa ni fikra iliyopigwa picha, ilhali mashine ya MRI, inapotumiwa kwa namna hii, hupima mabadiliko ya oksijeni katika damu inayofika sehemu fulani ya ubongo, na doa lenyewe ni matokeo ya kukokotoa wastani wa watu wengi. Aidha, watu wazima wanaoshiriki katika vipimo hivyo ni wale wanaoweza kulala kimya ndani ya mashine yenye kelele kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi wamekuwa wanaume wanaozungumza vizuri, na wengi wao wametoka Marekani na Ulaya. Wasiozungumza, ambao pengine wangekuwa na mengi ya kuifundisha sayansi, hawamo katika hesabu.

Kazi nne chini ya jina moja

Neno "kutambua uso" limebeba kazi zisizopungua nne: kugundua kwamba kilichopo mbele ni uso, kujua uso huo ni wa nani, kusoma hisia iliyomo, na kufuata macho ya mwenzako yanaelekea wapi. Mwaka 1986 Vicki Bruce na Andy Young walipendekeza kwamba utambulisho wa mtu na usomaji wa hisia zake hupita njia tofauti akilini, na mwaka 2000 James Haxby na wenzake wakaonyesha jinsi njia hizo zinavyoweza kugawanyika katika sehemu mbalimbali za ubongo. Jambo hili si geni hata kwa asiyesoma sayansi, kwani kila mtu amewahi kukutana na mtu ambaye uso wake anaujua lakini jina limemtoka. Vilevile wapo watu wenye upofu wa nyuso, hali ambayo daktari wa Ujerumani Joachim Bodamer aliipa jina la prosopagnosia mwaka 1947, ambao baadhi yao hushindwa kumtambua hata jamaa wa karibu kwa sura, na bado wanajua kama jamaa huyo amekunja uso au anatabasamu.

Kwa watu wazima wenye usonji, ugumu haulingani katika kazi zote. Sarah Weigelt, Kami Koldewyn na Nancy Kanwisher walipopitia tafiti za tabia mwaka 2012, walihitimisha kwamba namna ya kutambua nyuso haikuwa ya aina nyingine kabisa: kwa mfano, picha ya uso ikigeuzwa juu chini, wenye usonji nao hutatizika kuitambua kama watu wengine. Upungufu ulijitokeza hasa pale uso ulipotakiwa kushikwa katika kumbukumbu, hata kwa sekunde chache, na pale macho yalipokuwa ndiyo dalili ya kutegemewa. Uchambuzi mpana wa mwaka 2021, uliojumlisha takriban miongo minne ya utafiti, ulikuwa mkali zaidi, kwani ulikuta upungufu hata katika kulinganisha nyuso zinazoonekana kwa wakati mmoja, na ukakadiria kwamba karibu asilimia 80 ya wenye usonji hupata alama zilizo chini ya wastani wa wasio na usonji. Ikumbukwe kwamba hata miongoni mwa hao wasio na usonji, takriban nusu huwa chini ya wastani wao wenyewe. Tofauti ni ya kweli na ni kubwa, lakini makundi mawili yanaingiliana, na wapo wenye usonji wanaotambua nyuso vizuri kuliko majirani zao.

Hoja ya eneo la uso

Kwenye upande wa chini wa ubongo, kuelekea nyuma, kuna mkunjo uitwao fusifomu, na mwaka 1997 Nancy Kanwisher, Josh McDermott na Marvin Chun walieleza kwamba sehemu yake ndogo, hasa ya upande wa kulia, huamka zaidi mtu anapotazama uso kuliko anapotazama vitu vingine. Miaka mitatu baadaye Robert Schultz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapima vijana na watu wazima 14 wenye usonji au hali iliyoitwa wakati huo Asperger, wakakuta kwamba eneo hilo liliamka kidogo kuliko kwa watu wa kulinganishwa nao, huku sehemu jirani, ambayo kwa wengine hushughulikia vitu, ikifanya kazi zaidi. Hapo ndipo ilipozaliwa kauli kwamba mwenye usonji humwona mwenzake kama anavyoona kiti.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inataja mahali mahususi na inaweza kupimwa. Udhaifu wake ni kwamba inachukulia eneo hilo kana kwamba kila mtu huzaliwa nalo likiwa limekamilika, ilhali Isabel Gauthier na wenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wataalamu wa ndege na wataalamu wa magari huliamsha eneo hilohilo wanapotazama vitu wanavyovibobea. Kisa cha mtoto mmoja, kilichochapishwa mwaka 2005 na David Grelotti na wenzake, kinalionyesha hilo kwa karibu. Mvulana huyo mwenye usonji alikuwa amezama katika katuni za Kijapani za Digimon, akiwajua wahusika wake mmoja baada ya mwingine. Alipoonyeshwa nyuso za watu ndani ya mashine, mkunjo wa fusifomu haukuamka kama ilivyotarajiwa, lakini alipoonyeshwa wahusika wa Digimon uliamka, na amigdala, sehemu ya ndani ya ubongo itakayoelezwa baadaye, nayo ikaamka. Mtoto mmoja hatoshi kujenga nadharia, lakini anatosha kuibomoa kauli kwamba sehemu hiyo imekufa. Sehemu hiyo ilikuwa nzima; kilichokuwa tofauti ni kile ilichokuwa imezoezwa nacho.

Macho yalikuwa yakitazama wapi?

Hoja ya pili inaanza na swali ambalo wachunguzi wa mwanzo hawakuliuliza kwa uzito unaostahili: mtu aliyewekwa mbele ya picha ya uso, je, alikuwa akiutazama? Mwaka 2004 Nouchine Hadjikhani na wenzake waliwapima watu wazima wenye usonji wakiwa wameweka alama ndogo ya msalaba katikati ya picha na kuwataka washiriki wakaze macho hapo, na eneo la uso likaamka. Mwaka huohuo Karen Pierce na wenzake waliripoti kwamba eneo hilo liliamka pia kwa wanaume wenye usonji walipoonyeshwa sura za watu wa karibu yao pamoja na za wageni, ingawa miaka mitatu kabla yake Pierce mwenyewe alikuwa ameripoti kinyume chake. Mtafiti anayerudi kusahihisha picha aliyoichora mwenyewe anastahili heshima, na ni hasara kwamba masahihisho hayo hayakusambaa kwa wasomaji wa kawaida kama lilivyosambaa tangazo la kwanza.

Ushahidi uliojulikana zaidi kuhusu njia ya macho ulitoka kwa Ami Klin na wenzake mwaka 2002. Vijana wenye usonji, wenye uwezo mzuri wa lugha, walivalishwa kifaa cha kufuatilia mboni na kuonyeshwa sehemu za filamu ya Who's Afraid of Virginia Woolf?, ambayo wahusika wake wanne hugombana na kuumizana kwa maneno usiku kucha. Watazamaji wa kawaida walikaza macho yao kwenye macho ya waigizaji, wakiruka kutoka kwa anayetukana hadi kwa anayetukanwa ili waone tusi limemwingia vipi. Wenye usonji walitazama macho kwa chini ya nusu ya muda huo, na midomo kwa takriban mara mbili zaidi. Katika onyesho moja kijana ananyoosha kidole kuelekea picha iliyotundikwa ukutani kisha anauliza ni nani aliyeichora. Mtazamaji wa kawaida aliufuata mkono mara moja na kufika kwenye picha kabla swali halijaisha. Mtazamaji mwenye usonji aliyeelezwa na wachunguzi hao alisubiri neno lenyewe litamkwe, ndipo macho yake yakaanza kuitafuta picha miongoni mwa zilizokuwepo. Alifika, lakini alifika mazungumzo yalipokuwa yameshasonga mbele.

Ubora wa hoja hii ni kwamba inaunganisha ubongo na tendo linaloonekana. Hata hivyo haijitoshelezi. Tafiti zilizofuata hazikupata mara zote tofauti ileile ya macho na mdomo, hasa picha zilipokuwa tulivu na mhusika akiwa mmoja tu. Tena njia ya macho usoni si sheria ya maumbile, kwa kuwa mwaka 2008 Caroline Blais, Roberto Caldara na wenzao walionyesha kwamba watu wa Asia ya Mashariki hutazama zaidi katikati ya uso, penye pua, kuliko watu wa nchi za Magharibi, na bado wanatambua nyuso vilevile. Zaidi ya yote, kusema kwamba macho hayakufika hakujibu kwa nini hayakufika.

Kutovutiwa au kuzidiwa?

Swali hilo ndilo lililogawa wataalamu kwa ukali zaidi, na linahusu amigdala, viungo viwili vidogo vyenye umbo la lozi vilivyo ndani ya ubongo, ambavyo husaidia kuamua kipi kina uzito na kipi ni cha hatari. Kambi ya kwanza, ambayo mwaka 2012 ilipata msemaji wake mkuu katika makala ya Coralie Chevallier na wenzake kuhusu motisha ya kijamii, inashikilia kwamba kwa mwenye usonji uso hautoi ile raha inayomfanya mtoto mchanga autafute tena na tena, hivyo anakua na mazoezi machache ya nyuso, na eneo la fusifomu linabaki bila ubobezi. Hoja hii ina mvuto kwa sababu inafunga kamba tatu pamoja: motisha, mazoezi na ubongo. Inasaidiwa pia na kazi ya Warren Jones na Ami Klin ya mwaka 2013, iliyofuatilia watoto wachanga na kukuta kwamba wale waliokuja kugunduliwa kuwa na usonji walianza kwa kutazama macho kama wengine, kisha utazamaji huo ukapungua kati ya miezi 2 na 6.

Kambi ya pili inaushikilia ushahidi tofauti. Mwaka 2005 Kim Dalton na wenzake waliwapima vijana wenye usonji ndani ya MRI huku wakifuatilia macho yao, wakagundua kwamba kadiri kijana alivyotazama macho ya mtu pichani kwa muda mrefu, ndivyo amigdala yake ilivyowaka zaidi, uhusiano ambao haukuonekana kwa wenzao. Mwaka 2009 Natalia Kleinhans na wenzake walikuta kwamba kwa watu wazima wenye usonji amigdala haipoi haraka nyuso zinaporudiwarudiwa, yaani uso unaoonyeshwa tena na tena hauzoeleki upesi kama kwa wengine. Mwaka 2017 Hadjikhani alirudi na jaribio ambalo watazamaji walielekezwa kukaza macho kwenye eneo la macho ya waigizaji, na sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na tahadhari zikaamka kupita kiasi. Matokeo haya yanalingana na maelezo ambayo watu wazima wenye usonji wamekuwa wakiyatoa kwa miaka mingi: kwamba kukaziana macho kunachoma, kunavuruga fikra na kuwapotezea maneno yanayosemwa. Vikram Jaswal na Nameera Akhtar walisisitiza mwaka 2019 kwamba maelezo hayo ni ushahidi, na kwamba kuonekana kama hujali si sawa na kutojali. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba ilibidi hoja hiyo itetewe mbele ya wasomi, wakati wenyewe walikuwepo na wangeweza kuulizwa tangu mwanzo.

Kambi zote mbili zina pengo. Ya motisha hushindwa kumweleza mtu mzima anayetamani urafiki kwa moyo wote na bado hawezi kumtazama rafiki machoni. Ya kuzidiwa nayo hushindwa kueleza kwa nini tafiti nyingine zimekuta amigdala ikiamka kidogo kuliko kawaida, si zaidi. Ushahidi wa nadra unadokeza kwamba huenda kiungo hicho hakiwaki wala hakizimiki tu, bali kinapewa kazi nyingine. Mwaka 2005 Ralph Adolphs na wenzake walieleza habari za mwanamke ambaye amigdala zake zote mbili ziliharibika, ambaye hakuweza kutambua hofu usoni kwa sababu hakuwa akielekeza macho yake kwenye macho ya mwenzake. Alipoambiwa ayatazame, aliitambua. Kisha mwaka 2013 Ueli Rutishauser, Adolphs na wenzao walirekodi seli mojamoja za neva ndani ya amigdala za watu wazima wawili wenye usonji, waliokuwa wamewekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu ya kifafa. Seli zao ziliuitikia uso mzima kama kawaida, lakini baadhi ziliyaitikia macho kidogo na mdomo zaidi. Watu ni wawili tu, ila hapa kilichosikilizwa ni seli yenyewe, wala si wastani wa damu.

Vipande na kizima

Hoja nyingine, iliyoanzia kwa Uta Frith mwaka 1989, ni kwamba ubongo wa mwenye usonji huelekea kwenye vipande kabla ya kizima: nyusi, mkunjo wa mdomo, kovu dogo shavuni. Hoja hii inaeleza vizuri vipawa vya kuona mambo madogo ambavyo baadhi yao wanavyo, lakini kama maelezo kamili ya nyuso imedhoofika, kwa sababu ile athari ya uso uliogeuzwa juu chini, inayotegemea kuona kizima, ipo kwao pia. Frith mwenyewe, pamoja na Francesca Happé, aliilegeza mwaka 2006 akiieleza kuwa ni mwelekeo wa kuchakata taarifa unaoweza kudhibitiwa kwa juhudi. Inabaki na faida moja, kwamba inafafanua kwa nini mtu humtambua mwenzake kazini kwa miwani au mwendo, kisha akampita sokoni bila salamu siku aliyovua miwani hiyo, na kwa nini kumkasirikia ni kumwonea.

Hisia zisizopata jina

Katika usomaji wa hisia, hoja iliyobadilisha mjadala zaidi ni ile ya aleksithimia, yaani ugumu wa mtu kuzitambua na kuzitaja hisia zake mwenyewe. Hali hiyo si usonji, na wapo wengi wenye moja bila nyingine. Hata hivyo tathmini iliyochapishwa mwaka 2019 ilikadiria kwamba takriban nusu ya wenye usonji wanayo, ikilinganishwa na watu 5 hivi katika kila 100 miongoni mwa wengine. Richard Cook, Rebecca Brewer, Punit Shah na Geoffrey Bird walipowapima watu wazima mwaka 2013, walikuta kwamba kilichobashiri makosa ya kusoma hisia usoni kilikuwa aleksithimia, si usonji. Ikiwa ni hivyo, tafiti nyingi za awali zilipima mchanganyiko wa hali mbili na kuuita kwa jina la moja, na hiyo ingeeleza kwa nini matokeo yake yalipingana kwa muda mrefu. Hoja hii haihusu utambulisho wa mtu wala mwelekeo wa macho, na hilo ni udhaifu na uaminifu wake kwa pamoja.

Upande wa pili wa uso

Hoja zote zilizotangulia zinamchunguza mtazamaji mmoja. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alipinga mpangilio huo mwaka 2012 kwa kusema kwamba kutoelewana ni kwa pande mbili. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba wasio na usonji nao hutatizika kuzisoma nyuso za wenye usonji. Noah Sasson na wenzake waliripoti mwaka 2017 kwamba watazamaji waliwahukumu watu wazima wenye usonji vibaya kwa kuwaona au kuwasikia sekunde chache tu, lakini walipopewa maneno yao peke yake yakiwa yameandikwa, hukumu hiyo mbaya ilitoweka. Nadharia hii haielezi fusifomu wala amigdala, wala haikukusudia kufanya hivyo. Mchango wake ni kuonyesha kwamba gharama kubwa ya jambo hili hailipwi ndani ya ubongo wa mtu mmoja.

Kupima hoja

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja hizi hazilingani uzito. Ile ya eneo lililoharibika ndiyo nyepesi kuliko zote, na haifai tena kurudiwa kwa wasomaji kama ukweli. Ile ya njia ya macho ni thabiti, ilimradi isichukuliwe kuwa chanzo cha mwisho. Kati ya kutovutiwa na kuzidiwa, uamuzi wa haki ni kwamba huenda zinawaeleza watu tofauti, au mtu yuleyule katika umri tofauti, kwa kuwa ubongo wa mtu mzima ni matokeo ya miaka 30 au 40 ya kutazama na kukwepa, na picha yake haiwezi kueleza kipi kilitangulia. Hata kipimo kinachotegemewa zaidi kina mpaka wake. Wimbi la umeme wa ubongo liitwalo N170, ambalo hutokea takriban milisekunde 170 baada ya uso kuonekana, huchelewa kidogo kwa wenye usonji, kama James McPartland na wenzake walivyoonyesha mwaka 2004. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililipokea katika mpango wake wa kuchunguza viashiria vya majaribio ya tiba. Hilo ni kuyatenganisha makundi ndani ya utafiti; si kumpima mtu mmoja na kumwambia ana usonji au hana.

Kwa Afrika Mashariki kuna tahadhari ya ziada. Orodha nyingi za dalili zilitungwa mahali ambapo kumtazama mkubwa machoni ni uungwana, ilhali katika jamii nyingi za huku kijana huinamisha macho mbele ya mzee, na anayemkazia huitwa mwenye macho makavu. Mpimaji asiyejua hili atakosea pande zote mbili: atamhesabu mwenye adabu kuwa ana dalili, na mwenye usonji aliyeinamisha macho maisha yake yote atampita bila kumwona. La kuulizwa basi si kama mtu anatazama macho, bali kama anajua yanaelekea wapi, kama anamjua aliye mbele yake, na kama kutazama kunamgharimu.

Suala la gharama ndilo linaloamua pia mjadala wa mafunzo ya kutazamana machoni. Wanaoyatetea wana hoja, kwani jaribio la msalaba lilionyesha kwamba macho yakifika, ubongo hufanya kazi. Lakini lile la Hadjikhani la mwaka 2017 lilionyesha kinachoweza kuwaka wakati huohuo, na mtu mzima anayejilazimisha kukaza macho katika usaili wa kazi anaweza kupata sifa ya kujiamini huku akipoteza swali aliloulizwa. Mwenzake akijitaja jina anaposalimia, au akimruhusu atazame pembeni wakati wa kusikiliza, mzigo mkubwa huondoka bila mafunzo yoyote. Na katika yale matokeo ya Klin ya mwaka 2002 lilikuwemo jambo ambalo halikutangazwa sana: miongoni mwa vijana wenye usonji, waliotazama midomo zaidi ndio walioonekana kumudu vizuri zaidi maisha ya kijamii, na waliotatizika zaidi walikuwa wale walioelekeza macho kwenye vitu. Waliotazama mdomo walikuwa wakiutazama uso, kupitia mlango uliokuwa wazi kwao.